N42.3, D07.5 au D40.0: uandike upi majibu ya tezi dume yakiwa si saratani, wala si salama?

Bahasha ya majibu ya patholojia ikifika, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao huku kusini, kazi ya kuweka msimbo huwa nyepesi pale ripoti inaposema waziwazi. Tezi dume imekua tu, kama inavyokua kwa wazee wengi: N40. Ni saratani: C61. Zinazotusumbua ni ripoti za katikati. Daktari wa patholojia ameona kitu ndani ya kipande, hakukiita saratani, na hakusema pia kwamba hakuna neno. Ameandika PIN ya daraja la juu (seli za ndani ya vitezi zimebadilika lakini hazijatoka nje), au ASAP (vitezi vichache vinavyotia shaka), au displasia (seli zimebadilika sura) na kuishia hapo. Mgonjwa kesharudi kwao Tandahimba, daktari aliyemtoa kipande yuko chumba cha upasuaji, na mfumo unasubiri ujaze sanduku moja la ugonjwa.

Hapo ndipo watu hukimbilia pembeni. Mmoja anaandika N40 ili asimtie mtu doa la kansa. Mwingine anaandika C61 ili mgonjwa asije akasahaulika. Nia ni njema kwa wote wawili, na wote wawili wanamwumiza mzee yule yule: wa kwanza amefuta sababu ya kumwita tena, wa pili amempa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona kwenye hadubini.

Kati ya ncha hizo mbili ipo misimbo mitatu ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ambayo watu huichanganya: N42.3, D07.5 na D40.0. Naiweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya makarani wa kumbukumbu za afya, matabibu na wauguzi wa kliniki. Msimamo wangu nausema mapema: msimbo hufuata ripoti. Hauitangulii, na haubaki nyuma yake.

Tunapima kwa maswali gani

Nimetumia maswali manne kwa kila msimbo. La kwanza, ripoti lazima iwe imesema nini ndipo msimbo huu uwe halali? La pili, atakayefungua faili baada ya miezi sita atauelewaje, na atamwita mgonjwa lini? La tatu, ukikaa kwenye fomu ya madai ya bima, unaeleza vya kutosha kwa nini mtu huyu anapimwa tena? La nne, kwenye hesabu za mkoa na za saratani unaangukia wapi?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Madai yakirudishwa hurekebishwa, na takwimu zikikosewa husahihishwa mwakani. Mgonjwa aliyepotea kwa sababu faili lilisema hana kitu hutamwona tena mpaka aje hawezi kutembea kwa maumivu ya mgongo.

Kabla ya kulinganisha: orodha yako ni ya nani?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi hayatokani na kutojua tezi dume. Yanatokana na kutafuta msimbo kwenye simu. Ukiandika jina la ugonjwa kwenye intaneti, orodha inayotangulia mara nyingi ni ya Marekani. Wamarekani wameichukua ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuiongezea tarakimu zao. Kwao N42.3 imegawanyika tangu Oktoba 2016: N42.31 ni PIN, N42.32 ni ASAP, N42.30 ni displasia isiyofafanuliwa, N42.39 ni displasia nyingine. N40 nayo wameigawa, N40.1 ikiwa ni tezi iliyokua pamoja na matatizo ya mkojo. Kwenye orodha ya WHO, N40 haina tawi na N42.3 inaishia hapo hapo.

Mfano unaonishtua zaidi ni PSA iliyopanda, yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume. Orodha ya Marekani ina R97.20 kwa ajili hiyo. Kwenye ICD-10 ya WHO msimbo huo haupo kabisa, na eneo la R95 hadi R99 ni la vifo ambavyo sababu yake haijulikani vizuri. Kwa hiyo mzee aliyekuja na miguu yake kutoka Nanyamba kupimwa damu, ukimwandikia R97.20, unakuwa umemsogeza kwenye ujirani wa vifo vya ghafla. Mfumo ukiukataa, shukuru.

Tofauti ya tatu ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maana. Ripoti za zamani hutumia namba: PIN I, PIN II, PIN III. Wataalamu walipokubaliana mwaka 1989 kupanga madaraja mawili, waliiweka PIN I kuwa daraja la chini, na PIN II na III zote mbili daraja la juu. Orodha ya Marekani inaiacha PIN II kwenye N42.3 na kupeleka PIN III peke yake kwenye D07.5. Orodha ya WHO haitazami namba hizo. Inauliza ni daraja la juu au la chini. Ukiona PIN II kwenye ripoti, usiamue mwenyewe. Piga simu maabara, waseme daraja.

Yote yanayofuata ni kwa ICD-10 ya WHO.

N42.3: displasia ya tezi dume

*Ripoti iseme nini.* Displasia ya daraja la chini. Maelezo ya msimbo yenyewe yanataja daraja la chini na kuiondoa ile ya juu, ambayo inapelekwa D07.5.

*Faili litasomekaje.* Litasomeka kwa utulivu, na ndivyo inavyopaswa. Siku hizi madaktari wengi wa patholojia hawaitaji kabisa PIN ya daraja la chini kwenye ripoti, kwa sababu wawili wakitazama kipande kile kile hawakubaliani, na hatari yake ya kuleta saratani haijaonekana kuwa tofauti na ya kipande kisicho na kitu. Mgonjwa anaendelea na kliniki ya kawaida kulingana na PSA yake na dalili zake.

*Bima.* Inatosha kueleza kliniki na kipimo cha PSA. Kwa biopsi ya pili, yaani kutoa vipande tena, ni dhaifu, na ni sawa iwe dhaifu. Ikiwa daktari anataka biopsi ya pili basi ana sababu nyingine, na sababu hiyo iandikwe.

*Hesabu.* Inabaki sura ya magonjwa ya mkojo na uzazi. Haigusi saratani.

*Inawafaa* wachache. Hatari yake ni kugeuzwa kapu la kila displasia isiyo na daraja. Neno displasia likiwa peke yake, hujapata jibu bado. Umepata sababu ya kuuliza.

D07.5: mabadiliko ya daraja la juu, saratani isiyopenya

*Ripoti iseme nini.* PIN ya daraja la juu, ambayo ripoti nyingi huifupisha HGPIN, au displasia ya daraja la juu. Kwenye hadubini, seli zinazopamba ndani ya vitezi zimeshabadilika sura na kufanana na za saratani, lakini tabaka la seli za msingi linalozunguka kitezi bado lipo, japo limekatikakatika. Hazijatoka nje. Ndiyo maana zinapangwa kwenye kundi la D00 hadi D09.

*Faili litasomekaje.* Hapa pana ugumu. Kichwa cha msimbo kinasema saratani isiyopenya, na msomaji mwenye haraka huliona neno saratani tu. Huyo huyo anaweza kumpeleka mzee Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kuanza tiba ambayo haihitaji. PIN ya daraja la juu haitibiwi yenyewe: haikatwi, haipigwi mionzi. Hufuatiliwa. Kiasi cha ufuatiliaji hutegemea jambo ambalo msimbo hauwezi kulibeba, yaani ilionekana kwenye vipande vingapi. Ikiwa ni kipande kimoja, wataalamu wengi hawalazimishi biopsi nyingine ndani ya mwaka wa kwanza. PSA na kipimo cha kidole (daktari kuigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa) vinatosha. Ikiwa ni viwili au zaidi, hatari inapanda na biopsi ya pili inakuwa na hoja. Tafiti nyingi zimeweka uwezekano wa kukuta saratani kwenye biopsi inayofuata kati ya asilimia 20 na 30 hivi.

Na PIN yenyewe haipandishi PSA kwa kiasi cha maana. Mzee mwenye D07.5 na PSA iliyo juu sana asiambiwe kwamba PIN ndiyo sababu. Sababu itafutwe.

*Bima.* Unaeleza vizuri kwa nini mtu anarudi. Lakini anayekagua madai akiona D07.5 pamoja na dawa za saratani atauliza, na atakuwa na haki.

*Hesabu.* Kwa wanaosajili saratani, PIN ya daraja la juu ina namba ya umbo, yaani ya sura ya seli, 8148/2. Hiyo 2 ya mwisho maana yake haijapenya. Saratani iliyopenya huandikwa 3. Viwango vya saratani ya tezi dume huhesabu zenye 3. Kwa hiyo D07.5 zisijumlishwe na C61 unapotengeneza taarifa ya mkoa, hata kama mkubwa anataka namba moja ya saratani ya tezi dume.

*Inawafaa* wagonjwa ambao ripoti yao imetaja daraja la juu kwa maandishi. Kliniki inayowatunza iwe na utaratibu wa kuwaita.

D40.0: haijulikani itaelekea wapi

*Ripoti iseme nini.* Kundi la D37 hadi D48 ni la uvimbe ambao una shaka: haijulikani kama ni wa hatari au si wa hatari. Shaka hiyo iwe ya daktari wa patholojia. Karani asiyeelewa ripoti hana ruhusa ya kuigeuza kutoelewa kwake kuwa D40.0. Hilo ndilo kosa ninaloliona sana na msimbo huu.

Swali gumu ni ASAP. Ni vitezi vichache vidogo vinavyotia shaka, lakini ni haba mno kusimamisha saratani. Kiini chake ni shaka, kwa hiyo wapo wanaoipeleka D40.0. Wapo wanaofuata mwelekeo wa Marekani na kuiweka chini ya N42, kwa hoja kwamba ASAP ni maelezo ya kipande kisichotosha na haijawa jina la uvimbe. Orodha ya WHO haijaipa msimbo wake, na hoja zote mbili zina miguu. Mimi naelemea D40.0, kwa sababu ya swali la pili: anayeiona anajua kuna jambo halijaisha. Lakini kuliko kila karani afuate lake, ni bora hospitali ikae na daktari wa patholojia na daktari wa upasuaji, wakubaliane, waandike uamuzi na kuubandika ukutani masjala.

*Faili litasomekaje.* Kama jambo la haraka, na ASAP ni ya haraka kweli. Tafiti nyingi zimekuta saratani kwa takriban watu 4 katika 10 walipotolewa vipande tena, ndiyo maana biopsi ya pili hushauriwa ndani ya miezi 3 hadi 6. Watu hushangaa kwamba ASAP, ambayo jina lake halitishi, ina hatari kubwa kuliko PIN ya daraja la juu ambayo msimbo wake una neno saratani. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu msimbo peke yake usiachiwe kupanga foleni ya kliniki.

*Bima.* Biopsi ya pili inaelezeka bila taabu.

*Hesabu.* Haihesabiwi saratani. Ikiachwa hapo miaka bila kusasishwa, inakuwa takwimu isiyosaidia mtu. D40.0 inatakiwa iwe na mwisho: ama C61, ama kurudi kwenye msimbo wa kawaida baada ya biopsi safi.

*Inawafaa* wagonjwa wa shaka iliyoandikwa na maabara, kwenye kituo chenye uwezo wa kufuatilia karibu.

Ncha mbili, na mgeni mmoja

N40 ibaki kwa tezi iliyokua bila mabadiliko mengine. Ripoti ikitaja tezi iliyokua pamoja na PIN ya daraja la juu, andika vyote viwili, na ile PIN isikubali kumezwa. C61 inahitaji neno la maabara. Alama ya kuuliza aliyoweka daktari kwenye fomu ya ombi haishindi ripoti iliyokwisha kuja.

Mgeni ni saratani ya ndani ya mirija, ambayo uainishaji wa WHO wa mwaka 2016 uliitambua kuwa aina yake. Kwa namba ya umbo nayo inaishia na 2, kwa hiyo inaweza kukuvuta kwenye D07.5 na kupangwa pamoja na PIN. Kitabibu ni kitu kingine kabisa: mara nyingi huwa imeandamana na saratani kali iliyopenya. Ukiona maneno hayo kwenye ripoti, mfuate daktari siku hiyo hiyo.

Maneno yaandamane na msimbo

Sanduku la msimbo ni dogo. Faili lina nafasi. Linganisha maingizo mawili ya kutunga:

"Biopsi: si nzuri. D07.5. TCA (arudi) miezi 3."

"Biopsi ya tezi dume, vipande 12. PIN ya daraja la juu katika vipande 3, vyote kulia. Saratani haikuonekana. PSA 7.8 kabla ya biopsi, hakuwa na mpira wa mkojo, hatumii finasteride. D07.5, ICD-10 ya WHO. PSA na kipimo cha kidole baada ya miezi 6. Biopsi ya pili iamuliwe siku hiyo. Nakala ya ripoti imo ndani. Simu yake, na ya mwanawe."

Hayo ya mpira na finasteride hayajawekwa kupamba. Wazee wengi wa huku hufika mkojo ukiwa umeziba kabisa, na PSA inayopimwa wakati huo, au punde baada ya kuwekewa mpira, huwa juu isivyo kawaida. Finasteride nayo, dawa ya kupunguza tezi iliyokua, ikishatumika kwa miezi kadhaa, huishusha PSA karibu nusu. Namba isiyo na maelezo hayo inaweza kumtisha asiyestahili, au kumliwaza asiyestahili kuliwazwa.

Tarehe ya kurudi nayo ipangwe kwa kalenda ya kusini. Mkulima wa Newala au Ruangwa ukimpa tarehe ya Novemba, umempa wakati wa minada ya korosho. Ukimpa Aprili, fikiria barabara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata njia ya Dar es Salaam pale Somanga, na waliokuwa na rufaa Muhimbili walikwama. Ukiambiwa miezi 3 hadi 6, chagua mwezi anaoweza kusafiri ndani ya muda huo. Na anayepokea simu akiwa ni mwanawe au mpwawe, mwambie tu kwamba mzee anahitajika kliniki. Majibu ni ya mzee, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Akija, maneno ya kumwambia yalingane na uliyoandika. "Shikamoo mzee. Majibu yametoka, saratani haikuonekana. Ila kuna sehemu zimeanza kubadilika, na tunataka tuziangalie tena kabla hazijawa kitu kingine. Leo hakuna dawa ya kunywa kwa ajili ya hili. Kinachotakiwa ni urudi tarehe tuliyokuandikia." Akiuliza kama ni kansa, jibu ni hapana, likifuatiwa na sababu ya kurudi. Usimpe hapana bila sababu.

Kwa hali yako

Ripoti imetaja daraja la juu: D07.5, pamoja na idadi ya vipande. Imetaja daraja la chini: N42.3. Imesema displasia tu, au PIN bila daraja: uliza maabara, na wakati unasubiri weka alama kwenye rejesta kwamba jibu halijakamilika.

Ripoti inasema ASAP na hospitali yako ina makubaliano: fuata makubaliano. Haina: zungumza na daktari wa patholojia, andika ASAP kwa herufi zake karibu na msimbo wowote mtakaoweka, na tarehe ya kurudi isizidi miezi 6. Ripoti ina ASAP na PIN ya daraja la juu kwa pamoja: andika vyote viwili, na foleni ya kliniki ifuate ASAP.

Kituo hakina ripoti, kuna PSA tu: hakuna hata mmoja kati ya hii mitatu unaokuhusu. Tumia kundi la R70 hadi R79, la matokeo ya damu yasiyo ya kawaida ambayo hayajapata ugonjwa wake, na uandike namba ya PSA na tarehe.

Unafanya kazi kwenye kituo kidogo Liwale au Nanyumbu, mnapokea wagonjwa waliokwisha pimwa kwingine: usibadilishe msimbo uliokuja nao kwa kukisia. Omba nakala ya ripoti kwanza.

Mfumo wenu unajiandaa kuhamia ICD-11, ambayo ilianza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022: misimbo yote hii itabadilika sura, C61 kwa mfano ikigeuka 2C82. Mafaili yenye maneno kamili yatahamishika. Yenye msimbo mtupu itabidi mtu arudi kuyafungua moja moja.

Na mgonjwa anapewa rufaa kwenda Dar es Salaam: mpe nakala ya ripoti yenyewe mkononi, kwenye bahasha iliyofungwa, hata kama msimbo umeshaingia kwenye mfumo. Hospitali ya huko ikitaka kutazama upya vile vipande, ile namba ya ripoti ndiyo watakayoitafutia.